Maneno ya Agnès Kwenye Diski ya Zamani

Nilimfahamu Sidonie Nizigama akiwa tayari mtu mzima, aliponichapia kazi yangu ya mwisho ya chuo. Alichapa polepole, akisoma kila neno kabla ya kuligonga, na mara mbili alinirudisha nyumbani kwa sababu nilikuwa nimeandika jina la mtu mmoja kwa namna mbili tofauti. "Jina la muntu si kitu cha kuchezea," aliniambia. Nilimwona msumbufu. Baadaye mume wake akanisimulia yaliyotokea Juni 2004, naye Sidonie akawa anamsahihisha kila alipokosea, ndipo nikaelewa nilikuwa nimeketi mbele ya mtu wa namna gani.

Alizaliwa Luberizi, kwenye uwanda wa Ruzizi, katika nyumba ya wakulima waliosema Kirundi jikoni na Kiswahili sokoni. Masista walimfundisha kupiga chapa. Vita vya 1996 vilipopita Uvira, watu walikimbia kila upande: wengine milimani, wengine Burundi, wengine kwa mitumbwi hadi Tanzania. Katika kukimbia kule, mikono mingi ya watoto iliachiliwa. Mwaka uliofuata parokia moja ya mtaa wa Mulongwe ilifungua ofisi yenye chumba kimoja, ikamwajiri Sidonie kwa kazi moja tu: kuandika majina ya waliopotezana. Mzazi alikaa kwenye kiti, akasema alichokumbuka kuhusu mtoto wake, naye akaandika. Jina, umri, kovu, namna ya kucheka, wimbo aliopenda, mahali alipoonekana mara ya mwisho.

Mwanzoni aliandika kwenye madaftari makubwa. Mwaka 1999 padri mmoja mgeni alileta kompyuta, akamfundisha kwa wiki mbili kisha akaenda zake. Sidonie alihamishia humo madaftari yote, na wazazi wapya waliokuja aliwaandika humo moja kwa moja.

Oktoba 2002 mji ulitekwa, ukatekwa tena ndani ya siku chache. Sidonie alikimbia na watoto wake watatu bila kupitia ofisini. Aliporudi alikuta watu wenye silaha walikuwa wamelala mle, na madaftari yote yalikuwa yametumiwa kuwashia moto wa kupikia. Majivu yalikuwa bado pale sakafuni, kati ya mawe matatu. Kompyuta haikuguswa, labda kwa kuwa haikufaa kuwashia moto. Alikuwa na disketi alizonakilia sehemu ya kazi, lakini mvua za mwaka uliofuata zilijaza mto wa Mulongwe, maji yakaingia kabatini, disketi zikaota ukungu. Kwa hiyo, kufikia Juni 2004, majina ya watu karibu elfu mbili yalikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya diski ya ile kompyuta ya zamani.

Jumamosi moja jenereta ya parokia ilitoa umeme mwingi kwa ghafla. Kompyuta ilitoa mlio kama wa karanga kikaangoni, harufu ya kuungua ikajaa chumba, ikazimika.

Kwa bahati kulikuwa na kompyuta nyingine, mpya zaidi, iliyoletwa kutoka Bujumbura miezi miwili nyuma na ambayo Sidonie alikuwa anaiogopa kuigusa. Fundi alikuwepo pia. Aliitwa Pontien, mtu wa makamo aliyejifunzia umeme kwenye kiwanda cha sukari kabla hakijafungwa, sasa akitengeneza redio karibu na soko. Pontien aliinusa ile ya zamani kwa nyuma, akasema kilichoungua ni kisanduku cha kupokea umeme, na kwamba kupata kingine ni hadi Bujumbura. Diski yenyewe, alisema, huenda ni nzima. Inaweza kutolewa na kufungwa ndani ya ile mpya. Sidonie akamuuliza kama amewahi kufanya hivyo. Pontien akajibu kwamba amewahi kuona ikifanywa.

Jibu hilo halikumpa usingizi.

Siku zile Bukavu kulikuwa na mapigano, na Uvira kila mtu alisema yatashuka kwa barabara ya Kamanyola. Petroli iliadimika. Maduka yalifunguliwa mlango mmoja. Jumatatu asubuhi, redio ya mawasiliano ya parokia, ile tunayoiita fonia, ikaita. Alikuwa sista mmoja wa Bujumbura, mlezi wa nyumba ya watoto. Alisema ana msichana wa miaka kumi na tatu hivi, aliyevushwa kutoka Kongo mwaka 1996 akiwa mdogo sana. Anaitwa Noella. Ana kovu la kuungua kwenye bega la kushoto. Watoto wote wangehamishwa Jumatano kupelekwa ndani ya nchi, mbali na ziwa, kwa kuwa wakimbizi walikuwa wanaanza kumiminika na nyumba ilihitajika. Huko ambako wangepelekwa hapakuwa na fonia. Kama mtoto huyu ana jamaa Uvira na maelezo yake yanalingana, sista angembakiza Bujumbura. Angengoja jibu kesho yake, Jumanne, saa tisa alasiri, asingeweza kungoja zaidi.

Sidonie aliposikia jina Noella, alimwona mtu mmoja akilini. Sévère.

Sévère alikuwa mkulima wa Bijombo, juu milimani, mwenye maharage na ng'ombe wachache. Kila aliposhuka mjini kununua chumvi alipita ofisini, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza kama kuna habari ya binti yake Noella, kisha akashukuru na kuondoka. Juma lile alikuwa Mulongwe kwa shemeji yake, akingoja njia itulie, na alasiri ileile alikuja kama kawaida yake. Sidonie alikusudia kukaa kimya mpaka awe na uhakika. Lakini alipomwona amesimama pale, maneno yakamtoka.

Sévère alikaa chini, sakafuni, si kwenye kiti. Akauliza mtoto ana alama gani. Sidonie akamwambia: kovu la kuungua, bega la kushoto. Je, Noella wake aliwahi kuungua?

Hakujua. Miaka ile yeye alikuwa Kamituga akichimba dhahabu, na mtoto alikua mikononi mwa mama yake. Alikuwa amemwona mara tatu tu. Aliyekuja kutoa maelezo ofisini mwaka 1999 ni mke wake, Agnès, na Agnès alifariki mwaka 2001.

"Agnès alisema nini?" aliuliza.

Sidonie alijaribu kukumbuka. Alimkumbuka mwanamke mwenyewe, kitambaa chake cha kijani, namna alivyozungumza saa nzima bila kulia. Lakini maneno yenyewe yalikuwa yamechanganyika na maneno ya wanawake wengine mia kadhaa.

"Yote niliyaandika," alisema. "Iko mule ndani ya machini."

"Basi mwambie sista kwamba ndiye. Jina ni lile. Miaka ni ile. Unataka nini kingine, mama?"

Sidonie akatikisa kichwa. Mwaka 1998, kabla hajajua kazi, alimkabidhi mvulana mmoja kwa watu wa Kiliba kwa sababu ya jina tu. Baada ya mwezi walimrudisha, wakisema si wao, na mtoto hakusema tena na mtu mzima yeyote kwa muda mrefu. Tangu siku ile aliapa hatatoa mtoto kwa jina. Alimweleza Sévère hayo yote kwa sauti ya chini. Sévère alisikiliza, akasimama, akasema atakuja kesho mapema.

Jumanne asubuhi mtaa ulikuwa umebadilika. Tangu alfajiri watu walipita na magodoro vichwani kuelekea Kavimvira, mpakani. Hakuna aliyejua wanakimbia nani hasa. Mmoja alisema askari wameasi, mwingine alisema wanaokuja ni wale waliofukuzwa Bukavu. Jean-Berchmans, mume wa Sidonie, mwalimu wa shule ya msingi, alifunga vitu vichache kwenye baiskeli akawachukua watoto. Walikubaliana kwamba Sidonie atapitia ofisini, achukue anachochukua, awafuate.

Pontien alikuja saa nne. Sidonie alikuwa ameanza kuamini hatakuja. Alibeba bisibisi mbili na brashi ya kusugulia meno iliyochakaa. Jenereta ilikuwa na lita mbili za petroli na mjini hapakuwa na nyingine. Sévère alikuwa tayari kizingitini, mgongo kwa barabara.

Pontien alifungua ile ya zamani kwanza. Vumbi lilikuwa limejaa ndani kama manyoya. Kabla ya kugusa chochote aliweka kiganja kwenye chuma cha sanduku, akamwagiza Sidonie afanye vilevile, akieleza kwamba mwili nao hubeba umeme kidogo na umeme huo mdogo unaweza kuiua diski bila hata kutoa sauti. Akafungua skrubu nne, akachomoa nyaya, akaitoa: kipande cha chuma, kizito, ukubwa wa kitabu cha sala. Akampa Sidonie aishike.

"Usiiangushe. Usiitikise. Mule ndani iko sahani inazunguka, na sindano juu yake. Ikigongwa, basi."

Sidonie aliishika kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba katika maisha yake alikuwa amebeba watoto watatu wachanga, na hakuna hata mmoja aliyembeba kwa uangalifu kiasi kile.

Pontien akafungua ile mpya, akaifunga diski chini ya diski yake, akaunganisha mkanda bapa wa nyaya unaozihudumia zote mbili. Akaenda kuwasha jenereta. Sidonie akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakatokea, yakasimama. Kompyuta ilisema haioni diski yoyote. Si ya zamani tu, hata yake yenyewe haikuiona.

Pontien alizima. Akawasha tena. Vilevile. Akarudi kuzima jenereta ili petroli isiishe bure, na ukimya ulioingia chumbani ukawaletea sauti za nje: miguu, mtoto analia, na mbali sana, upande wa kaskazini, milio mitatu au minne ya bunduki.

Hapo ndipo Jean-Berchmans alipotokea mlangoni na baiskeli, anatokwa jasho.

"Sido, batoto biko Kavimvira na dada yangu. Biko wanakulilia. Weye unangoja nini?"

Sidonie akamweleza kwa kifupi. Mume wake akatazama sanduku lililofunguliwa matumbo nje, akamtazama Pontien, akamtazama Sévère. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akasema basi achomoe hiyo diski, aifunge kwenye kitenge, waende nayo. Watafute kompyuta ng'ambo.

Lilikuwa wazo la busara, na Sidonie alilifikiria kweli. Lakini ng'ambo angefika jioni, kama mpaka ungekuwa wazi. Saa tisa ingekuwa imepita. Na njiani kulikuwa na vizuizi vya askari. Nani angemwamini mwanamke aliyebeba kwenye mavazi yake kipande cha chuma chenye nyaya?

"Mwaka 2002 nilikimbia nikayaacha madaftari," alimwambia. "Sikurudi kuyachukua, na ofisi iko hatua mia mbili kutoka kwetu. Leo minye siendi mpaka saa tisa. Kisha nitakufuata, hata kwa kutambaa."

Jean-Berchmans alinisimulia kwamba alikasirika sana. Alitaka kumkumbusha kwamba hao elfu mbili si wanawe, na wale watatu ni wake. Hakusema. Aliweka baiskeli ukutani, akamwachia. "Utakuja na hii," alisema. "Minye nitarudi kwa miguu." Akaondoka akikimbia.

Pontien wakati huo alikuwa ameinamia sehemu ya nyuma ya diski. Alikuwa amekumbuka kitu. Kwenye kila diski, alisema, kuna vijiti vidogo vya chuma, na juu yake kidude cha plastiki kinachounganisha viwili kati ya hivyo. Mafundi hukiita kavalie. Mahali kilipowekwa ndipo panapoiambia kompyuta diski ipi ni bwana na ipi ni mtumwa. "Hizi mbili zote zinajiita bwana," alisema. "Ndiyo maana hakuna anayesikilizwa." Picha ya namna ya kukiweka ilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski, maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Sidonie akavaa miwani akaisoma polepole.

Pontien akakivuta kile kidude kwa kucha. Kikaruka, kikaanguka.

Wote watatu walisikia kilivyogonga saruji, na hakuna aliyeona kilikoenda. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, cheusi, na sakafu ilikuwa imepasukapasuka. Pontien akapiga magoti, akapapasa, jasho likimdondoka puani. Sidonie akasogeza kiti akiogopa atakikanyaga. Dakika zilipita. Saa ya ukutani ilikaribia saa saba.

"Ngojeni," Sévère alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu asubuhi. Alilala kifudifudi kizingitini, shavu sakafuni, mwanga wa mlango ukipita juu ya saruji mbele ya macho yake. Akakaa hivyo, hasogei. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mguu wa kabati. "Kile si ndicho? Nilikidhania kupe."

Pontien alikiweka kwenye vijiti vya mtumwa kwa ncha ya bisibisi, safari hii akiwa ametandaza kitambaa chini. Jenereta ikawashwa. Maandishi meupe yakatokea, yakapita, na kompyuta ikaamka. Kwenye orodha ya vifaa ikaonekana diski ya pili. Sidonie akamshika Pontien bega bila kujijua.

Pontien akaibofya ile diski. Kompyuta ikafikiri kwa muda mrefu, diski ikitoa mikwaruzo midogo. Kisha dirisha likafunguka, na swali kwa Kifaransa: diski hii haijafomatiwa, je, unataka kuifomati sasa? Chini yake vibonyezo viwili, ndiyo na hapana.

Pontien alikuwa mtu wa redio. Alisoma neno lile kama mtu anavyosoma neno la fundi mwenzake: kuiweka sawa, kuitayarisha. Petroli ilikuwa inaisha. Akapeleka mshale kwenye ndiyo.

Sidonie akamkamata mkono.

Alikuwa na mazoea ya kusoma kila neno kabla ya kugonga, na neno lile alilijua. Mwaka 1999 yule padri mgeni alimfundisha mambo mengi ambayo aliyasahau, lakini siku ya mwisho alimwandikia kwenye karatasi neno moja, formater, akalipigia mstari, akamwambia ni kama kupangusa ubao wa darasa: yaliyoandikwa hayarudi.

"Sema hapana," alisema.

"Mama Sido, tukisema hapana itakataa kufunguka."

"Ikatae. Sema hapana, Pontien."

Pontien akasema hapana. Mkono wake ulibaki umeshikwa muda kidogo baada ya hapo. Alipoelezwa alichokaribia kukifanya, alikwenda nje akakojoa nyuma ya ofisi, akarudi amepauka midomo. Baba yake mdogo, alisema, naye yumo kwenye hiyo diski, akitafuta wajukuu wawili.

Wakazima kila kitu. Kama diski ilikuwa ikisomwa vizuri hadi Jumamosi, Sidonie aliwaza, basi kilichobadilika ni njia ya kuifikia. Aliuliza kama nyaya zote zimeshika. Pontien akapitisha kidole kwenye ule mkanda bapa, akakuta upande mmoja wa kichwa chake haukuingia hadi mwisho. Umeinuka kwa unene wa ukucha. Akauchomoa wote. Akasugua vijiti vya diski kwa ile brashi, akaurudisha, akiusukuma pande zote mbili kwa vidole gumba hadi ukatoa mlio mdogo. Petroli iliyobaki ilikuwa chini ya nusu lita. Saa ilikuwa nane na robo, na bunduki za kaskazini sasa hazikuwa tatu wala nne.

Kompyuta ikaamka. Diski ikafunguka. Mafolda yakajipanga kwenye kioo, kila moja na mwaka wake.

Hakuna aliyeshangilia. Kabla ya kufungua faili lolote, Pontien alisisitiza wanakili folda zote kwenye diski ya mashine mpya, kwa kuwa ya zamani imechoka na haijulikani itasimama lini. Ilichukua dakika kumi na moja. Sidonie alisema hajawahi kuona mstari wa buluu ukitembea polepole hivyo. Alikuwa akiomba rozari na kuhesabu asilimia kwa pamoja, akapotea katika vyote viwili. Mstari ulipofika mwisho ndipo alipoandika kwenye sehemu ya kutafutia: Noella.

Walikuwa Noella saba. Wa nne alikuwa wa Bijombo.

Sévère alikuja akasimama nyuma ya kiti. Hakujua kusoma sana, kwa hiyo Sidonie akasoma kwa sauti, na yalikuwa maneno ya Agnès kama alivyoyasema, kwa kuwa Sidonie hakuwa na tabia ya kuyatengeneza maneno ya watu:

"Mwanangu ni mweusi kama baba yake. Akicheka anafunika mdomo. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kimepanda juu ya mwenzake, hata mimi niko hivyo. Hana kovu, sikuwahi kumwacha karibu na moto. Anaogopa radi. Anajua jina la baba yake, nilimfundisha, ili baba akirudi asimkimbie."

Sidonie hakugeuka. Alisikia pumzi ya Sévère nyuma ya shingo yake, ndefu, kisha hatua zake zikirudi kizingitini.

"Soma tena pale mwisho," alisema kutoka kule.

Akamsomea tena.

Saa nane na dakika arobaini na tano. Sidonie alijua kwamba yule msichana wa Bujumbura bado hana mtu. Akaandika maneno mengine: bega, kushoto, kuungua. Kompyuta ikamletea mafaili matatu. La kwanza lilikuwa la mvulana. La pili la mwanamke mzima. La tatu lilikuwa la Marie-Rose, mkulima wa mpunga wa Bwegera, aliyempoteza binti yake wa miaka mitano njiani mwaka 1996, wiki mbili kabla ya Noeli. Mtoto alikuwa ameunguzwa na uji, bega la kushoto, kovu lenye umbo la jani. Jina lake Amandine.

Jenereta ikakohoa, ikazima. Kioo kikawa cheusi. Sidonie alikuwa amekwisha kunakili maelezo yale kwenye karatasi.

Alikimbia na karatasi hadi chumba cha fonia, iliyotumia betri ya gari. Sista aliita saa tisa kamili. Sidonie alisoma: kovu, umbo lake, mwaka. Kisha akauliza swali moja, nani alimpa mtoto jina la Noella. Kukawa na mikwaruzo, halafu sista akajibu kwamba ni wao. Mtoto alikuwa amefikishwa kwao siku za Noeli, hasemi, hana jina, wakamwita hivyo. Sidonie akamwambia amuulize msichana kama jina Amandine linamwambia kitu. Sista akasema atambakiza Bujumbura, vyovyote atakavyojibu.

Pontien alizifunga kompyuta zote mbili kwa magunia, akazificha juu ya dari ya sakristia. Diski ya zamani aliichomoa, na Sidonie akaondoka nayo baada ya yote, ndani ya sufuria iliyojazwa majani makavu ya migomba, iliyofungwa nyuma ya baiskeli. Sasa kulikuwa na nakala mbili, alisema, na zisingeungua pamoja. Kizuizini askari alifunua sufuria, akaona majani, akamruhusu apite. Alimkuta Jean-Berchmans njiani, karibu na Kavimvira, anarudi kwa miguu kumtafuta. Mumewe akachukua usukani wa baiskeli, wakatembea.

Walirudi Uvira baada ya wiki tatu. Dari ya sakristia ilikuwa salama. Agosti, njia ya uwanda ilipofunguka, Sidonie alikwenda Bwegera mwenyewe. Alimkuta Marie-Rose shambani, maji yakiwa kwenye magoti, na alipomwambia, mama yule aliendelea kung'oa magugu mistari miwili mizima kabla ya kuinuka. Msichana aliletwa Septemba. Kwa jina Amandine hakuitika, alisema yeye ni Noella, na kwa miezi mingi alimwita mama yake "mama huyu". Lakini alibaki. Nilipokutana naye alikuwa mwanamke mwenye watoto, na kwenye kadi yake ya uchaguzi yameandikwa majina yote mawili.

Sévère alipanda Bijombo Jumanne ileile ya Juni, kinyume cha watu wote waliokuwa wakikimbia. Mwaka uliofuata alishuka na mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa mchanga mama yake alipofariki, akamwomba Sidonie afungue faili amsomee. Alisoma. Mtoto akauliza kama mama alisema kitu juu yake, na Sidonie akamwambia ukweli, kwamba wakati ule alikuwa hajazaliwa.

Noella wa Bijombo hajapatikana. Sidonie aliacha kazi miaka michache iliyopita kwa sababu ya macho. Aliyeshika nafasi yake ni mwanamke kijana wa Kiliba, na siku ya kwanza Sidonie alimketisha mbele ya mashine, akamfungulia faili moja baada ya jingine, na kumtaka asome yote kwa sauti. Iliwachukua wiki sita.